Kupiga na Kusafisha

Katika lugha yangu picha hupigwa,
kisha husafishwa.
Ilibidi nikae Truro, Nova Scotia, miaka minne,
katika studio yenye kengele mlangoni,
ndipo nikaelewa kwamba hivyo ni vitenzi viwili
na kila kimoja kina mwenyewe.

Bi Verna Slaunwhite ni wa kusafisha.
Ana taa tatu, moja ya nyuma ya nywele tu,
na pazia la mawingu alilochora marehemu mumewe.
Mimi hulipiga pasi kila Jumatatu,
nikianzia pale penye doa la chai.
"Kidevu chini. Bega la kushoto nipe mimi.
Ulimi ugusishe nyuma ya meno."
Huwageuza watu kama mshonaji ageuzavyo kitambaa
akitafuta upande wenye rangi.
Kwake picha ni nguo ya sikukuu:
nani aende harusini na kanga ya jikoni?

Mpwa wake, Delbert, hana taa.
Ana kiti cha mbao, dirisha la kaskazini,
na theluji ya nje inayomwazima mwanga.
Hasemi kitu. Anangoja.
Watu hutabasamu, tabasamu likakosa mpokeaji,
likarudi lilikotoka.
Hukohoa. Huuliza kama tayari.
Hutazama viatu vyao.
Uso ukishachoka kujitunza,
ndipo, ta!
Anapiga.

Bibi Orpha Creelman alikuja Februari,
miaka themanini na mmoja,
thelathini na sita ya hiyo kashona fulana kiwandani.
Siku hiyo shangazi na mpwa hawasemezani,
basi kila mmoja alimpiga kivyake
(picha, namaanisha).

Ya Bi Verna ilikuja kwangu kwenye kompyuta.
Lulu shingoni, za kuazima, za mtoto wa meza.
Shavu linang'aa kama sahani ya wageni.
Mimi ndiye niliyefuta
mstari wa juu ya nyusi,
mabaka mawili ya jua,
mishipa ya koo.
Kipaku cha kidevuni nilikiacha.
Mama yangu anacho kama hicho,
na mkono ulikataa.

Katika ya Delbert amepakata mkoba
kwa mikono miwili, kama aliye kituo cha basi.
Pete ya ndoa imezungushiwa uzi
isichopoke kwenye kidole kilichokonda.
Macho hayakutazama kamera.
Yalimtazama mtu pembeni,
kwa upole ambao sijui niuite nini.
Nilikesha nao usiku mzima kabla ya kukumbuka:
pembeni nilisimama mimi,
nimemshikia koti lake.

Alilipia ya kwanza, taslimu.
Jumatatu akarudi kwa ajili ya pili.
"Usiifunge na utepe," aliniambia.
"Hii si ya ukutani."
Hakusema ni ya wapi,
nami sikuuliza.

Mwezi uliofuata nilihitaji picha yangu
ya kadi ya ukaazi.
Mdomo ufungwe. Nyuma peupe.
Kivuli, hapana. Furaha, hapana.
Bi Verna alisogeza taa, akairudisha.
Delbert alifungua dirisha, akalifunga.
Kisha wote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja,
waliinama na rula juu ya uso wangu.
Hakuna aliyepiga, hakuna aliyesafisha.
Walinipima.

Nilimtumia mama, Songea.
Sauti yake ikaja alfajiri, na kuku nyuma yake:
"Riziki, huyu nani wamemkamata?"

Nikamwambia ni mimi, mama,
milimita thelathini na tatu
toka kidevu hadi utosi.

Kimya.
Kuku tena.
"Ngoja," akasema,
"ngoja nivae miwani."